Jumamosi ya Herufi Z

Shamba la Haskew, Wimberly Flat, Oklahoma
15 Machi 1936

Kwa Bwana Pecos Lonnie, Kituo cha Redio, Del Rio, Texas

Bwana,

Hunijui, nami nakujua kwa sauti tu. Tangu mlipoanza na herufi A msimu wa kuvuna mtama, nyumba hii haijakosa kipindi chako hata Jumamosi moja. Mama mkwe wangu anasogeza kiti mpaka karibu na redio, utadhani utatoka humo umwombe kahawa. Kila wiki tunabishana: safari hii ni K, haya, taja nyimbo za wachunga ng'ombe zinazoanza na K! Yeye anazihesabu kwa vidole, mimi nazitaja huku natundika shuka mbichi madirishani, maana vumbi la huku halingoji nyimbo ziishe. Herufi X uliiruka ukasingizia mitambo imeharibika. Tulicheka mpaka mama akapaliwa.

Jana ilikuwa Z. Nikamwambia mama, leo ataaibika huyu, nyimbo za Z atazitoa wapi? Ukaimba "Zizi Tupu." Ukaimba "Zawadi ya Mfuga Farasi," ukaivuta na kuivuta kama mtu anayekamua ng'ombe aliyekauka. Kisha ukasema, "Na sasa wimbo ambao hamjawahi kuusikia," ukaimba "Zelma, Funga Lango."

Zelma ni mimi.

Wimbo huo aliutunga mume wangu, Orrin Haskew, mwaka tuliooana. Aliuimba akiwa zamu ya kulinda ng'ombe, na hapa nyumbani akinawa uso. Ameondoka kwenda kutafuta kazi huu mwaka wa pili, na barua yake ya mwisho ilitoka Colorado, muda mrefu sasa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuimba wimbo ule, hata mimi. Wewe ni mtu wa kazi hii, sina haja ya kukufundisha: wimbo wa mtu hautoki kinywani mwa mwingine mwenyewe akiwa hai. Basi habari nimeipata, na nakushukuru kwa kunifikishia kwa sauti nzuri bila kuharakisha. Mama mkwe aliizima redio kwa mkono wake. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo nyeusi.

Naomba mambo mawili tu. Amezikwa wapi, na nani alikuwa naye?

Zelma Haskew


Del Rio, Texas
24 Machi 1936

Bibi Haskew mpendwa,

Salamu kutoka kwa rafiki yako wa nyika, Pecos Lonnie! Barua za wasikilizaji wangu ndizo chakula changu, na yako nimeisoma mara mbili. Pole sana kwa wasiwasi ulioupata. Lakini futa machozi, mama! Wimbo ule nimeutunga mwenyewe, kando ya moto, farasi wangu akinisikiliza. Jina Zelma nimelipenda kwa utamu wake tu. Na kusema ukweli, kwenye Z mtu hana pa kuchagua! Huenda mumeo alikuwa na wimbo unaofanana na huu, maana nyimbo zetu ni ndugu wa tumbo moja.

Nakutumia picha yangu yenye sahihi. Endelea kusikiliza, tunaanza upya na herufi A.

Wako wa nyikani,
Pecos Lonnie


Wimberly Flat
2 Aprili 1936

Bwana Lonnie,

Picha nimeipokea. Farasi uliyepanda amefungwa hatamu vibaya, chuma kiko chini ya ulimi. Sijui nani alikuinua ukakaa juu yake, lakini maskini yule mnyama anataka kulia. Mama mkwe aliitazama akasema, "Huyu hajawahi kufukuza hata kuku."

Kwa hiyo nimeelewa kwamba wewe si mtu wa kazi hii, na nitakueleza kama anavyoelezwa mgeni. Zamani, ng'ombe walipokuwa wakisafirishwa kwa miguu, mtu wa zamu aliwazunguka akiimba ili wasishtuke. Kila mtu alikuwa na wimbo wake. Wenzake waliolala walijua kwa huo wimbo kwamba yuko salama juu ya farasi. Ukisikia wimbo wa Fulani katika sauti ya mwingine, unaamka, unachukua koleo, unakwenda kumzika. Mpaka leo huku kwetu ni hivyo. Aliye karibu naye zaidi huuimba kaburini mara moja, mwanzo mpaka mwisho, na kuanzia hapo wimbo ni wa watu wote. Na mke, kabla hajauimba, bado ni mke wa mtu.

Usiniambie habari ya moto na farasi wako. Kuna ubeti wa tatu:

Bibi Askofu ana pembe moja,
huisalimu mbingu kwa upande mmoja.

Bibi Askofu alikuwa ng'ombe wangu. Serikali ilipowanunua ng'ombe wenye njaa ikawapiga risasi shimoni, yeye alikuwa wa kwanza. Hakuna mtunga nyimbo wa Del Rio aliyemfahamu.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili linaninyima raha kuliko hata kifo chenyewe. Kama hukuijua desturi yetu, basi umeimba bila kujua maana yake, na huenda Orrin yu hai. Niliposoma barua yako niliketi chini kwenye sakafu na unga mikononi. Mama mkwe amevua nguo nyeusi, kisha akazivaa tena. Hatujui tuvae nini.

Kuna jirani yetu, Hollis Tackett. Ana kisima chenye maji matamu bonde la upande wa pili, ambako vumbi halijafika sana. Aliposikia, alikuja amevua kofia, akasema atatuchukua mimi na mama, maana mama anakohoa na haumalizi mwaka mwingine hapa. Ni mtu mwema. Nimemwambia asubiri jibu lako.

Nikiwa na mume, nitakaa hapa nile vumbi nimngoje, wala hutanisikia nikilalamika. Nikiwa mjane, nitakwenda kwenye maji. Lakini siwezi kukaa katikati. Niambie neno moja, bwana wee. Yu hai au amekufa?

Zelma Haskew


Del Rio
9 Aprili 1936

Orrin, mzee wangu,

Vipi hapo barazani? Bado wanawatoa nje na vitanda asubuhi kama mikate ya kuanikwa? Kitanda changu amepewa nani? Kama ni mkoromaji, mwambie Lonnie Fitch anasema pole. Mimi mapafu yangu yanaimba, daktari hajasikia kitu tangu nitoke hospitali hapo.

Sasa nina kesi, na wewe ndiye hakimu. Jumamosi ya herufi Z nilikwama. Bosi alikataa niruke tena, alisema X ilitosha. Nikakumbuka ule wako wa "Zelma," ulivyokuwa ukiuimba chini ya blanketi Nesi Ybarra akipita. Nikauimba. Tena nikasema ni wangu, bosi akafurahi, akataka tuurekodi kwenye sahani ya santuri. Hilo nalo unisamehe, midomo ilinitangulia.

Mkeo amesikia. Wewe uliniambia mwanamke wa kwenye wimbo ni wa kubuni tu, kumbe ana miguu na mikono na ulimi kama kisu! Anasema kwenu mtu akiimbiwa wimbo wake amekufa. Mbona hukuniambia? Nilimjibu upuuzi, hakudanganyika. Anauliza kama uko hai, kuna jirani mwenye kisima anataka kumwoa. Nakuwekea barua yake humu.

Sema neno tu, Orrin, nimwandikie kwamba yuko hapo, kitanda cha pili kutoka mlangoni, bado ana kiburi kilekile.

Lonnie


Hospitali ya Kifua, Piedra Alta, New Mexico
15 Aprili 1936

Lonnie,

Mwizi mkubwa wewe. Ungeiba viatu vyangu ningecheka. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikatafuta kitu cha kukurushia, nikapata bakuli la makohozi tu, na wewe uko mbali.

Sikukuambia kwa sababu kwetu hakuna anayeambiwa. Ni kama kumwambia mtu asikojoe kisimani.

Haya, yamekwisha. Sasa fanya nitakalokuambia, maana kwa wimbo ule nakudai. Usimwambie. Acha niwe nimekufa.

Usifikiri ni uchungu unaosema. Mama yangu alizaa watoto watatu. Wawili walikwenda kwa kifua hiki hiki, na kila mara alilala nao kitanda kimoja akiwapangusa, na majirani wakachoma magodoro yetu uani sote tukitazama. Siku nilipotema damu ya kwanza nyuma ya zizi, niliifukia kwa mguu, nikamwambia Zelma nakwenda kutafuta kazi ya bwawa. Ningemwambia ukweli, angekuja. Humjui Zelma. Angelala chini ya kitanda hiki kama mbwa, angekunywa kwenye kikombe changu makusudi ili nisijione tofauti. Kisha tungekufa wawili, na mama angebaki na nani?

Hollis Tackett namjua. Ni mzito wa kuelewa mzaha na anatafuna kwa kelele, lakini hajawahi kumpiga mnyama, na kisima chake hakijakauka hata mwaka ule mbaya. Ningeulizwa nimchagulie mume, ningemchagua huyo huyo, nikiuma meno.

Kwa hiyo mwandikie. Nilikufa wakati wa baridi, usingizini, bila taabu. Fanya kizuri. Wewe uongo ndiyo kazi yako.

Na usiniletee tena barua zake. Mwandiko wake nimeuweka chini ya shavu tangu jana kama mtoto mdogo. Sitaki.

O. Haskew


Del Rio
22 Aprili 1936

Bibi Haskew,

Nimeweka pembeni jina la redioni. Naitwa Leonard Fitch, kwetu ni Ohio, na baba yangu aliuza viatu. Ulikuwa na haki kuhusu farasi.

Mumeo alikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kwa kitanda katika hospitali ya kifua ya Piedra Alta, New Mexico. Mimi nilipona. Yeye alifariki mwezi wa Januari, usingizini, bila maumivu, nami nilikuwa karibu. Alikuficha ugonjwa kwa sababu aliogopa utakuja kumwuguza ukaupata. Alikutaja kila siku. Wimbo niliupata kwake, na nilikosea kusema ni wangu.

Amezikwa kilimani nyuma ya hospitali, safu ya juu kabisa, wa mwisho upande wa kushoto. Misalaba ya pale haina majina. Ndani ya hospitali hawaruhusu wageni kwa hofu ya kuambukiza, kwa hiyo hakuna cha kuuliza huko. Safari ni ndefu na ngumu, nakushauri usijisumbue. Kaa na mama, mwende kwenye maji.

Nisamehe.

Leonard Fitch


Piedra Alta
30 Aprili 1936

Lonnie,

Kama hujamwandikia bado, usimwandikie. Kama umeshamwandikia, mwandikie tena.

Nimebadili mawazo, ndiyo, cheka. Mvua imenyesha hapa, ya kweli, si ile ya matone machache ya kutukana. Wametutoa barazani na dunia nzima inanuka udongo mbichi, na nimekaa nikafikiri: mimi nani niamue mke wangu aone nini na asione nini? Nimempa Hollis mke wangu kama mtu anayegawa tandiko kuukuu. Hata sikumwuliza.

Nataka kumwona, Lonnie. Nimesema. Sijali tena kama ni uchoyo. Akae mbali, upande upepo unakotoka, Nesi Ybarra atamwekea kiti. Nimuone tu, anitukane kidogo, aende zake.

Fanya haraka. Ugonjwa umepanda kooni, daktari amenikataza kusema hata neno moja, na wamenipa kengele ndogo ya mkononi kama ya mbuzi. Nikitaka maji nagonga. Nikitaka kugeuzwa nagonga. Wenzangu wananiita Mchungaji.

Mwambie aje.

Orrin


Wimberly Flat
1 Mei 1936

Bwana Fitch,

Asante kwa jina lako la kweli. Barua yako nilimsomea mama mkwe jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale ulipoandika kwamba hakuwa na maumivu, nikarudia. Kisha akasema, "Alikuwa na kifua, mwanangu, na sikumpangusa." Ndipo akalia. Nami nililia kwa hasira, nakuambia kweli. Laiti angekuwa hai ningemwua! Kwamba alijificha kwangu! Mimi niliyemtoa funza, niliyemnyoa ndevu alipovunjika mkono!

Unanishauri nisijisumbue. Bwana Fitch, wewe ni mtu wa viatu kweli. Nitamwachaje mume wangu hajaimbiwa na aliye wake? Wewe ulimwimbia redioni kujaza pengo la Z. Hiyo haihesabiki.

Hollis ameuza ndama anipeleke mpaka kituo cha gari moshi. Naondoka kesho, na barua hii naiposti hapo hapo kituoni, kwa hiyo ukiisoma mimi niko njiani na huna pa kunijibu. Nitapanda kilimani, nitamwimbia, nitashuka. Hospitalini sitaingia, nimeelewa ulichosema, na nina mgonjwa nyumbani wa kumlinda. Nikirudi tutafunga ndoa na Hollis, bila sherehe.

Naogopa kitu kimoja tu, kwamba nitausahau ubeti wa pili. Sijawahi kuuimba kwa sauti. Ulikuwa wake.

Zelma Haskew


Del Rio
5 Mei 1936

Orrin, ndugu yangu,

Barua yako na ya Zelma zimefika leo kwa posta moja. Nimezisoma nimesimama mlangoni mwa studio, nikisema peke yangu, bosi akadhani nimerudiwa na homa.

Nilishamwandikia kwamba umekufa. Nilimwambia na kaburi, safu ya juu, mwisho kushoto. Nilijua hawezi kuja! Anakuja. Yuko kwenye gari moshi sasa hivi na sina namna ya kumpata. Nimelipia barua hii iende kwa treni ya haraka ili ikutangulie.

Atakwenda kilimani moja kwa moja. Ndani hataingia, nilimtisha na habari ya kuambukiza, Mungu anisamehe. Lakini njia ya kilima inapita chini ya baraza lenu, unajua, ile yenye changarawe. Mwambie Nesi Ybarra kwa maandishi amngojee. Akishindwa, gonga kengele. Gonga mpaka wauguzi wote waje. Akigeuka kutazama tu, umempata.

Nyoa ndevu, mzee. Alisema angekuua, nadhani atakubusu kwanza.

Lonnie


Piedra Alta
8 Mei 1936

Lonnie,

Barua yako ilifika kabla yake, jana asubuhi. Nesi Ybarra alininyoa. Nilimwandikia kwenye ubao wangu: mke wangu anakuja. Alikimbia kutafuta kiti, akakiweka upande wa upepo, kisha akaitwa wodi ya wanawake, kuna aliyekuwa anakufa.

Zelma alipita mchana. Nilimjua kwa mwendo kabla sijauona uso. Amekonda. Amevaa lile koti langu la mvua, limemfika miguuni. Hakutazama baraza. Alikuwa anatembea huku midomo inacheza, anajikumbusha maneno, nikajua ni ubeti wa pili, ule wenye kijito, kila mtu angeusahau.

Kengele ilikuwa mkononi. Nilisema moyoni, mwache afike juu avute pumzi, atakaposhuka nitagonga.

Akaimba. Lonnie, sijawahi kuusikia wimbo ule. Nimeuimba miaka yote na sijawahi kuusikia. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, wagonjwa wote waliacha kukohoa, au labda nilikuwa siwasikii. Hakukosea hata neno. Alipofika kwa Bibi Askofu sauti ilimpasuka akasimama, akaanza ubeti upya, maana lazima uwe mzima. Nilidhani ameisha. Kumbe alikuwa na wa kwake, ameutunga garini sijui, akauongeza mwishoni:

Orrin, lango nimelifunga, ng'ombe wameisha,
nakwenda na mama kwa mwenye kisima.
Nilikungoja kadiri ya nguvu zangu,
sasa nipumzishe, nawe upumzike.

Nikaushika ulimi wa kengele kwa kidole usilie.

Utaniuliza kwa nini, nawe unajua. Hakuwa analia tena. Alisimama pale juu kama mtu aliyetua mzigo, ananyoosha mgongo. Nilimtazama nikaona: nikigonga, namtwika tena. Atakuwa na mume anayekufa na mtu aliyemwahidi, na mama anakohoa, na atakaa hapa chini ya kitanda, kama nilivyokuambia. Ningekuwa nimempokonya kaburi lake. Nilitaka kumwona, nimemwona.

Usimwambie kamwe. Si leo, si nikishakwenda, si ukiwa mzee unatafuta cha kumwambia Mungu. Beba hilo. Mimi nabeba la kwangu, na la kwangu ni zito, nakuambia wazi, nilikuwa na kengele mkononi na nilimpenda na alikuwa pale.

Orrin


Bonde la Tackett, Oklahoma
7 Juni 1936

Ndugu Fitch,

Naandika kukushukuru, maana niliwahi kukuandikia kwa ukali na sitaki ukae nao.

Mimi na Hollis tulioana Jumapili iliyopita. Mama mkwe alivaa gauni la buluu. Maji ya hapa ni matamu kweli, mama anayanywa anayasifia kana kwamba kayachimba yeye, na kikohozi kimepungua. Hollis amenunua betri mpya ya redio ili tukusikilize. Mmefika L, sivyo? Tulikuwa na nyimbo nyingi za L, wewe ukaimba zile tatu za kila siku. Jitahidi.

Piedra Alta nilikwenda. Nilipaona kama ulivyoniambia, safu ya juu, mwisho kushoto. Udongo wa pale umeshikana vizuri, nyasi zimeanza. Nilimwimbia wimbo wote na sikukosea, ila mahali pamoja nilisimama. Nilipomaliza nilihisi amenisikia. Sijui kama watu wa Ohio mnaamini mambo hayo. Nilihisi yuko karibu kabisa, kama mtu anayesimama nyuma ya mlango, na hasira yote ikanitoka. Kwa hilo nitakushukuru maisha yangu yote, kwamba ulinionyesha mahali.

Kitu kimoja kimenikaa. Niliposhuka niliwaona wagonjwa wamelazwa barazani, wamefunikwa mpaka puani, wembamba maskini, huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Nilikuwa nimepita chini yao bila hata kuwasalimu, nikaona aibu. Mmoja, kitanda cha pili kutoka mlangoni, akainua mkono. Nikainua wangu. Akaendelea kuuinua, haushushi, mpaka nikasimama. Pembeni yake palikuwa na kiti kitupu. Nikafikiri, huyu naye ana mtu anamngoja, kiti kimewekwa na mwenyewe hajaja. Nilitaka kupanda ngazi nikakaa naye kidogo, nimuulize kama alimjua Orrin. Lakini ulisema hawaruhusu, na gari moshi lilikuwa limeshapiga honi.

Kama una rafiki pale bado, mwandikie amtafute mtu yule. Mwambie mwanamke aliyempungia mkono kutoka chini anamsalimu, na anaomba radhi kwamba hakukaa.

Zelma Tackett